Jua linapita ndani ya shati la shule?

MamaDoto (Mwanza)
Habari zenu. Nina pacha wa darasa la pili. Doto ana ualbino, Kulwa hana. Ijumaa shuleni ilikuwa michezo, wakamwagiana maji na kukimbizana hadi saa nane mchana. Jioni namvua Doto shati, mabega mekundu, hagusiki. Losheni ya kukinga jua nilimpaka usoni, shingoni na mikononi. Mabegani sikupaka, nikijua amefunikwa. Shati ni jeupe, la pamba, lilikuwa la kaka yao. Kulwa alivaa kama hilo hilo, hana hata alama. Jua linapenya nguo kweli?

FundiWaSare
Pole mama, na Doto mpe pole yangu. Mimi pia nina ualbino, na kushona ndiyo kazi yangu, kwa hiyo hili nimelijua kwa ngozi yangu.

Linapenya. Nguo zina kipimo chake cha kuzuia jua, UPF. Ikiwa 50, ni sehemu 1 tu kati ya 50 ya miale inayofika mwilini. Fulana nyeupe nyepesi ya pamba haizidi sana 5, na ikilowa hushuka hadi kama 3. Yale maji ndiyo yaliyomponza. Na kama shati linambana, begani kitambaa huvutika, matundu yanafunguka.

Kabla ya kukata kitambaa mimi hukiinua dirishani na kuweka mkono nyuma yake. Nikiona vidole, sikishoni. Jinzi na kaki nzito ni ngao. Tetroni iliyofumwa kwa kubana hushinda pamba nyepesi, ila ina joto. Rangi iliyokolea huzuia zaidi, lakini sare ni sare, basi omba ruhusa ya mikono mirefu, na begani fundi aweke kitambaa mara mbili. Kapelo usimpe, inaacha masikio na kisogo. Mtafutie kofia ya ukingo mpana pande zote.

DadaWaKliniki
Shikamoo mama. Akitoka malengelenge au kidonda kisichopona, mlete kliniki ya ngozi mapema. Na losheni aendelee nayo, hata chini ya shati hilo.

MamaDoto
Marahaba mwanangu. Fundi, nimeliinua dirishani sasa hivi. Vidole vyote vitano nimeviona. Na kweli linambana. Kesho naenda kwa mwalimu mkuu. Ninunue mita ngapi?

FundiWaSare
Moja na nusu, na nusu nyingine ya mabega.