Mimba na chipsi: eti utumbo wa mama unaharibu akili ya mtoto?

mamakijacho_mby
Habari zenu wapendwa, mimba yangu ina miezi minne na tangu ianze mi ni chipsi tu, wali hata nikisikia harufu natapika. Sasa jana nimetumiwa klipu watsap, jamaa anasema mama akila mafuta mengi bakteria wazuri wa tumboni wanakufa na mtoto anazaliwa na akili nzito, halafu hapohapo anauza unga wa kusafisha utumbo elfu 85!! Na mama mkwe kanikataza mayai eti mtoto atatoka hana nywele. Kuna ukweli au napigwa?

kichwa_ngumu
Unga unapigwa, mjamzito hasafishwi utumbo. Ila ya bakteria hajaitunga yote. Mwaka 2016 watafiti wa chuo cha Baylor kule Houston, Marekani, waliwalisha panya wenye mimba chakula ambacho kama 60% ya nguvu yake ni mafuta, watoto wakazaliwa hawachangamani na wenzao, kucheki utumbo wakakuta bakteria mmoja, Lactobacillus reuteri, kapungua vibaya mno, wakawawekea kwenye maji ya kunywa na wakaanza kuchangamka. 2020 nao wa chuo kikuu cha UCLA, hukohuko Marekani, wakaonyesha panya mama asiye na bakteria kabisa, neva za ubongo wa kitoto tumboni hazikui vizuri. Lakini ni panya hao, na hakuna aliyewapa mtihani wa hesabu. Kutoka hapo mpaka "mwanao atakuwa mzito" jamaa karuka mto mzima.

nesi_wa_zamu
Dada usiogope, kula kinachokaa tumboni. Tatizo la chipsi ni kwamba ukishiba chipsi huli kingine, basi weka mayai humo humo, chipsi mayai yaliyoiva vizuri, yai lina kolini ambayo ubongo wa mtoto unaihitaji kweli, nywele wala hazihusiani. Ongeza dagaa, maharage, mchicha, na chai usinywe pamoja na chakula maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki meza kila siku, najua vinaleta kichefuchefu, meza usiku ukienda kulala. Ile foliki asidi iliyomo, kazi yake kubwa ya kuzuia mgongo wazi inaisha mapema, kama siku 28 tu tangu mimba itunge, wengi wanakuwa hata hawajajua, ndo maana tunasema uanze kabla ya kubeba. Mtindi kunywa, ila maziwa yachemshwe kwanza ndo yagandishwe, mabichi yanaweza kuwa na brusela, vijidudu vya homa inayotoka kwa mifugo.

baba_wawili
na pemba je nesi? wife anatafuna huo udongo kama karanga

nesi_wa_zamu
Mpime damu huyo, mara nyingi hiyo hamu inakuja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unashika madini ya chuma, tena unaweza kuwa na mayai ya minyoo.

mamakijacho_mby
Asanteni jamani nimepumua 🙏 kwa mama mkwe tunatumia chumvi ya mawe ya kwenye kiroba, haina neno?

nesi_wa_zamu
Hapo ndo ungeniuliza kwanza! Nyanda za juu huko goita ilikuwa kila kijiji, udongo hauna madini joto, na mama akiyakosa ubongo wa mtoto unaumia kweli, hiyo siyo ya panya. Nunua ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, iweke kwenye kopo lenye mfuniko, mboga ikikaribia kuiva ndo utie. Mama mkwe mwambie kliniki wamesema.