Chakula cha Siku ya Mtakatifu Patrick: bekoni na kabichi, ng'ombe wa chumvi, au kondoo na viazi?

MamaZawadi_Dublin
Wadau habari zenu. 17 Machi ndo hiyo inakuja, huku Ireland ni mapumziko na mume wangu kashaalika watu bila hata kuniuliza: jirani yetu mzee ambaye ni Muirishi wa hapahapa, shemeji anayetoka Boston, na familia moja ya Mombasa ambao watakuwa wamefunga. Nataka kupika cha kienyeji cha huku, sio pilau kila mwaka. Nimebaki na hizo tatu hapo juu, ipi inalipa?

Mdau_wa_Boston
Ng'ombe wa chumvi, dada, usijiulize mara mbili. Kidari cha kilo 2 kilicholowekwa kwenye chumvi na viungo, unachemsha moto mdogo masaa matatu, viazi na karoti unatia mwishoni, kabichi ya mwisho kabisa isije ikawa uji. Huku wiki hiyo supamaketi zinajaza tele. Shemeji yako akikosa hiyo atanuna.

Binti_Cork
Mdau, hiyo ni sikukuu ya Marekani, huku mzee wa watu ataishangaa tu. Wairishi waliohamia New York karne ya 19 waliona ng'ombe ni rahisi kupatikana kuliko bekoni waliyoizoea, wakawa wananunua kidari kwenye mabucha ya Wayahudi, ndo ikawa mazoea mpaka leo. Na kinachochekesha ni kwamba hapa Cork zamani, karne ya 17 na 18, walikuwa wanasafirisha nyama ya ng'ombe ya chumvi meli kwa meli wakati mkulima mwenyewe hana uwezo wa kuila.
Cha huku ni bekoni, ile ya kipande kizima sio vile vislaisi vya asubuhi. Loweka usiku kucha, maji mwaga, kisha hesabu dakika 20 kwa kila nusu kilo na uongeze 20 nyingine. Kabichi inaiva kwenye maji yaleyale ya nyama, hapo ndo utamu ulipo, halafu sosi nyeupe ya maziwa na paseli juu. Ila ni kitimoto hiyo, na wageni wako wa Mombasa...

Ukhti_Nyali
Alhamdulillah angalau mmoja kakumbuka! Mwajadili sosi na huku kuna watu wamefunga. Bi mdogo, hata ukiwapikia kuku pembeni, nyumba ikinuka nguruwe na sufuria ni zilezile hao wageni watakula tende na maji tu, na adabu yao hawatakwambia kitu. Nunua kondoo bucha ya halali, wote wale sahani moja. Na ile tabia ya kumimina Guinness kwenye mchuzi ati ndo uzuri wake, la, usitie. Magharibi ya Dublin siku hiyo ni kama saa kumi na mbili na nusu, mchuzi wa moto wafaa sana kwa kufuturu.

Waru_Njoro
Naunga mkono kondoo. Chukua shingo na mifupa yake, usikaange, usiweke nyanya, na tafadhali weka Royco mbali. Waru gawanya mara mbili: nusu kata nyembamba upange chini na vitunguu, hizo zitapasuka zifanye mchuzi uwe mzito bila unga, nusu ingine acha kubwa kubwa uweke juu ya nyama. Chumvi, pilipili manga, maji yafunike nyama tu, funika na uache moto mdogo masaa mawili hivi. Paseli mwisho. Karoti ni vita, wengine huko wanasema ukiweka umeharibu, mimi huweka.
Kando fanya colcannon: waru za kuponda, sukuma ya huko imechemshwa ikakatwa, siagi nyingi na maziwa moto. Ukijua mukimo hutapotea. Wenyewe huila sana Halloween lakini hakuna atakayekufukuza.

Baba_Karoli
Samahani naingilia, si ni Kwaresima hiyo? Ikiangukia Ijumaa kama 2023 nyama inakuwaje?

Binti_Cork
Kwa Ireland ni sherehe kuu ya kanisa, kwahiyo Ijumaa hiyo nyama ruksa. Mwaka huo Marekani maaskofu wengi nao waliruhusu.

MamaZawadi_Dublin
Haya, kondoo imepita. Shemeji atavumilia, kidari atakula kwao. Mkate je? Ule wa soda naona watu wanasema rahisi.

Waru_Njoro
Unga, chumvi, bekingi soda, mala. Basi. Usikande kama chapati, changanya tu ushikane, kata msalaba juu na uingize kwa oveni ikiwa tayari ni moto, maana soda ikishakutana na mala inaanza kazi hapohapo.

Ukhti_Nyali
Na shingo ya kondoo ina mafuta bi mdogo. Pika usiku wa kuamkia, tia friji, asubuhi mafuta yameganda juu, wayatoa kwa kijiko. Jioni ni kupasha tu. Paseli usitie mpaka wakati wa kupakua.