Mnalinganisha gemu za mbinu kwa picha na hadithi, sheria za gemu hamzigusi!

Wakuu, imetosha sasa. Kila wiki mtu anafungua uzi kuhusu gemu za mbinu, zile za kuongoza kikosi kwenye ramani ya miraba kwa zamu: "Ipi kali, Fire Emblem, Final Fantasy Tactics au Advance Wars?" Na kila wiki majibu ni yale yale. "Hii hadithi yake tamu." "Ile michoro yake balaa." "Hii ngumu bwana, achana nayo." Ngumu kivipi? Ukikosea unalipa nini? Nani anacheza kabla ya nani, na kwa nini? Hapo kimya. Watu wanapigia kura gemu za mbinu bila kugusa mbinu, halafu mgeni ananunua kitu asichokitaka na kukiacha kwenye ramani ya tatu.

Tuanze na zamu, maana ndiyo tofauti kubwa kuliko zote na haitajwi kabisa. Kwenye Fire Emblem na Advance Wars, upande wako wote unacheza, kisha wa adui wote unacheza. Kwa hiyo kabla hujafunga zamu una hesabu moja tu ya kufanya: maadui wangapi wanaweza kumfikia huyu mtu wangu, na mapigo yao yakijumlishwa ni ngapi? Mtu ana HP (pointi za uhai) 22, wanaomfikia ni watatu, kila mmoja anamtoa 8. Jumla 24, huyo marehemu. Halafu mnakuja humu kulia eti "gemu inaonea". Haikuonei, ilikuonyesha namba zote ukapuuza.

Sasa chukua Final Fantasy Tactics (FFT): The War of the Lions ya PSP (2007). Pale hakuna zamu ya upande. Kila mtu ana saa yake inayojazwa na kasi yake mpaka 100. Mwenye kasi 10 anafika kwa midundo 10 ya saa hiyo. Mwenye kasi 8 anahitaji 13, kwa sababu 8 mara 12 ni 96 tu. Ukitembea na kushambulia, unakatwa 100. Ukifanya kimoja tu, unakatwa 80. Usipofanya chochote, 60. Kwa hiyo kusimama bila kutembea ni silaha: zamu yako inayofuata inawahi. Nani kati yenu mnaoandika "FFT ni polepole" aliwahi kulitaja hili?

Uchawi ndio unaowamaliza wengi. Uchawi mwingi pale hautoki papo hapo, unasubiri. Kabla ya kuthibitisha, fungua orodha ya mpangilio wa zamu uone uchawi wako unaangukia wapi. Kama adui anacheza kabla yake na wewe umelenga mraba, atahama, na utachoma nyasi. Ukimlenga mtu mwenyewe, uchawi unamfuata popote, hata akija kusimama katikati ya watu wako, na hapo mnaungua wote. Hii inatoka kwenye sheria za gemu, ila kwenye orodha zenu za "kumi bora" hamna hata mstari mmoja juu yake.

Asilimia nazo. Zile Fire Emblem tatu za Game Boy Advance, yaani GBA (The Binding Blade, The Blazing Blade na The Sacred Stones) hazisemi ukweli kwenye skrini. Gemu inachukua namba mbili za bahati, inatafuta wastani wake, ndipo inalinganisha na asilimia uliyoonyeshwa. Matokeo: 70 unayoiona ni kama 82 halisi, 90 ni kama 98, na 30 ya adui ni kama 18. Pigo la krit (lile kali la bahati) halina huruma hiyo, linatumia namba moja tu, kwa hiyo krit ya 10 ni 10 kweli. Mtu anayejua hili anacheza tofauti kabisa: anakimbilia msituni na kutumia pembetatu ya silaha (upanga hushinda shoka, shoka mkuki, mkuki upanga) ili ashushe asilimia ya adui chini ya 50, kwa sababu chini ya hapo gemu yenyewe inamsaidia. Kwenye Blazing Blade na Sacred Stones, pembetatu peke yake inabadilisha usahihi kwa 15 na pigo kwa 1. Mnaishupalia ile 1 ya pigo, kumbe faida iko kwenye ile 15.

Na acheni kuwapa watu silaha nzito kisa namba ya nguvu ni kubwa. Lyn wa Blazing Blade ana umbo (uwezo wa kubeba uzito wa silaha) la 5. Upanga wa chuma una uzito wa 5, hakuna anachopoteza. Upanga wa feleji una uzito wa 10, kwa hiyo kasi yake inashuka kwa 5. Ili kupiga mara mbili lazima umzidi adui kasi kwa 4 au zaidi. Umeongeza nguvu 3, umepoteza pigo zima la pili, na usahihi umeshuka kutoka 90 hadi 75. Halafu "Lyn dhaifu"!

Haya, kifo. Fire Emblem hizo za zamani, aliyekufa amekufa. FFT inakupa hesabu ya zamu tatu kumfufua aliyeanguka, zikiisha anageuka kito au sanduku na amekwenda moja kwa moja. Final Fantasy Tactics Advance (FFTA, 2003) karibu haina kifo cha kudumu, isipokuwa maeneo yanayoitwa Jagd, ambako hakuna jaji wala sheria: aliyelala chini vita vinapoisha humpati tena. Hizi ni bei tatu tofauti za kosa lile lile, lakini humu zote zinaitwa "ngumu" au "rahisi" basi.

Majaji wa FFTA, wanaosimamia sheria ya siku kwenye mapambano, ndio mnaowasingizia kuliko wote. "Sheria zinaudhi." Zinaudhi usipozisoma! Sheria zinabadilika kila siku, na siku inasogea ukipiga hatua kwenye ramani ya dunia. Sheria ya leo inakataza moto na kikosi chako kizima ni moto? Rudi mji mmoja, uje tena. Ukivunja sheria unapewa kadi ya njano. Ukiua kwa kitendo kilichokatazwa ni nyekundu papo hapo, mtu anapelekwa gerezani, na akiwa Marche, mhusika mkuu, gemu imeisha. Kosa halisi la FFTA liko kwingine na hamlisemi: namba za mtu zinakua kulingana na kazi (aina ya mpiganaji) aliyonayo wakati wa kupanda levo, na mwisho ni levo 50. Ukimlea mtu kwenye kazi yenye kasi ndogo mpaka levo 40, kumbadilisha kazi baadaye hakurudishi kilichopotea. Gemu haikwambii hili waziwazi. Hapo ndipo pa kukasirikia.

Advance Wars (2001) sitaongea sana, kwa sababu haina mashujaa wa kulea, na kuiweka kwenye kura moja na hizo nyingine ni kichekesho. Ni gemu ya pesa. Askari wa miguu 1000, kifaru kidogo 7000, jengo lina pointi 20 za kutekwa. Askari mwenye HP 10 anateka kwa zamu mbili. Akipigwa hadi 9 tu, zinakuwa tatu. Akihama kidogo, hesabu inaanza upya. Anayepiga kwanza anapunguza nguvu ya pigo la kujibu, kwa hiyo vita vyote ni kugombea mraba wa kumfanya mwenzako aingie kwenye masafa yako kwanza. Uzuri wake ni huo, na hauna uhusiano wowote na RPG, gemu za kulea wahusika.

Matoleo mapya nayo mnayachanganya na ya zamani. Tactics Ogre ya PSP, levo ni ya darasa (aina ya mpiganaji) na siyo ya mtu: darasa jipya ukilipata mwishoni linaanza levo 1, na hapo ni kilio. Tactics Ogre: Reborn (2022) imerudisha levo kwa mtu, ila imeweka dari ya kikosi kizima inayopanda na hadithi, na kadi za nguvu zinaanguka uwanjani. Ni gemu mbili tofauti! Vilevile Final Fantasy Tactics: The Ivalice Chronicles (2025) haina kazi za Dark Knight wala Onion Knight zilizokuwemo PSP. Anayekuuliza "ninunue ipi" anastahili kuambiwa hayo kabla hajatoa hela. Na ile ya PSP picha za mashambulizi zinakwenda kwa kusuasua tangu ilipotoka, siyo simu yako wala PPSSPP yako (emuleta, programu inayoiga mashine ya PSP) iliyoharibika.

NYONGEZA: Kwa aliyeuliza pale chini kwa nini kusevu na kurudia kwenye emuleta hakumsaidii katika Fire Emblem za GBA: foleni ya namba za bahati inasevika pamoja na gemu. Ukirudi na kurudia kitendo kile kile, utapata matokeo yale yale hata mara mia. Badilisha mpangilio: mtu mwingine ashambulie kwanza, namba zisogee, ndipo urudi kwa yule wa mwanzo.

Kwa aliyesema Marcus, yule mpanda farasi mwenye nguvu wa Blazing Blade, "anaiba" uzoefu (pointi za kupanda levo): usimtupe benchi. Mvue mkuki mzito, mpe upanga wa chuma, amdhoofishe adui, mpiganaji mchanga amalizie. Na usimpandishe mtu daraja kwenye levo 10 kwa haraka, subiri 20, vinginevyo umetupa nafasi kumi za kukua. Blazing Blade haina pa kurudi kutafuta uzoefu zaidi, ukiacha viwanja vichache vya mapigano. Sacred Stones ina ramani ya dunia ya kuzunguka na Mnara wa Valni, huko utaupata kabla ya kupandisha. Hata hizo mbili zenyewe si za kuwekwa kapu moja.