Waombaji wote wanajiita "watiifu": nasomaje barua za magavana wa Kentucky, 1861–1865?

Mwanachuo_Malimbe
Wakuu, habari za jioni. Nipo mwaka wa tatu wa historia hapa Mwanza, na utafiti wangu unahusu jimbo la Kentucky wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Chama cha Historia cha Kentucky kimeweka mtandaoni nyaraka za magavana wa kipindi kile, bure kabisa, nami nimepakua barua za maombi za wananchi. Wengine wanaomba kufutiwa faini, wengine ndugu yao atolewe gerezani, na masherifu wanaomba kuongezewa muda wa kuwasilisha kodi.

Ninapokwama ni hapa. Kuanzia katikati ya vita, mwombaji baada ya mwombaji anajiita raia mtiifu kwa Muungano, yaani upande wa serikali ya Lincoln. Kama wote ni watiifu, watu wa Kusini, waliounga mkono majimbo yaliyojitenga, walikwenda wapi? Msimamizi anataka sura nzima juu ya utii uliogawanyika, na mimi nikihesabu maneno napata upande mmoja tu. Naanzia wapi?

Mzee_wa_Majalada
Anza na tarehe, kijana. Neno "mtiifu" halikwambii kitu mpaka ujue liliandikwa lini na mezani kwa nani, kwa sababu ofisi ya gavana kule Frankfort, makao makuu ya jimbo, ilibadilisha wenyewe na kila mwenyewe alipenda kusikia lake.

Gavana Beriah Magoffin aliegemea Kusini. Aprili 1861 Rais Lincoln alipoyataka majimbo yatoe askari 75,000, Magoffin alikataa kutoa hata mmoja. Mei 20 akatangaza kwamba Kentucky haiko upande wowote. Mwombaji wa majira hayo angejinadi kwake kuwa ni mtu wa Lincoln ili apate nini? Uchaguzi wa Agosti ukageuza mambo: wafuasi wa Muungano walipata viti 76 dhidi ya 24 katika Baraza la Wawakilishi la jimbo na 27 dhidi ya 11 katika Seneti yake, wakawa wanapitisha sheria gavana apende asipende. Mwanzoni mwa Septemba jeshi la Kusini likaingia Columbus kwenye mto Mississippi, na Septemba 6 Jenerali Grant wa Muungano akautwaa mji wa Paducah. Habari ya kutofungamana ikaishia hapo.

Magoffin alijiuzulu Agosti 1862, akaja James F. Robinson, na mwaka 1863 akaja Thomas E. Bramlette, aliyekuwa kanali wa jeshi la Muungano. Kwa hiyo usigawe rundo lako kwa miaka, ligawe kwa magavana. Halafu piga mstari Julai 5, 1864, siku Lincoln alipoiweka Kentucky chini ya sheria ya kijeshi. Msamaha wa gavana unafuta makosa ya sheria za jimbo tu. Aliyeshikwa na jeshi, familia yake ikimwandikia gavana, inamwomba awaombee kwa jenerali au kwa Rais. Hayo ni maombi ya aina nyingine, usiyachanganye na ya faini za kuuza pombe bila leseni.

Kuhusu watu wa Kusini: wako waliovuka mpaka wakaingia jeshini, na hao huwezi kuwakuta kwenye meza ya Bramlette. Novemba 1861 mkutano wa Russellville uliunda serikali yao ya Kentucky chini ya George W. Johnson, aliyekufa kwa majeraha ya vita vya Shiloh Aprili 1862. Mrithi wake, Richard Hawes, aliapishwa Frankfort Oktoba 4, 1862, na siku hiyohiyo mizinga ya Muungano ikamtimua mjini. Serikali isiyo na ofisi haipokei barua nyingi, ila jalada lake lipo kwenye mkusanyo huohuo, lifungue. Waliobaki nyumbani ama walinyamaza, ama ndio hao unaowasoma wakijiita watiifu.

Bi_Capripoint
Mzee kaeleza vizuri, mimi naongezea upande wa karatasi yenyewe. Watu wanasoma ukurasa wa mbele na kufunga. Geuza! Karatasi za zama zile zilikunjwa zikawa ndefu nyembamba, na mgongoni karani aliandika jina la mwombaji, kaunti, shauri, na mara nyingi uamuzi. Bila mgongo una ombi lisilo na jibu, na utafiti wa maombi bila majibu ni nusu kazi.

Kisha sahihi. Usianze na idadi. Angalia kwanza kama ni za mikono tofauti au mtu mmoja kaorodhesha majina yote: linganisha herufi J na W kutoka mstari hadi mstari, na uone kama wino unabadilika. Orodha ya mkono mmoja si lazima iwe ya kughushi, inaweza kuwa nakala, lakini usiiandike kama "watu 60 walisaini".

Baada ya hapo tafuta vyeo: jaji wa kaunti, karani wa mahakama, sherifu, mwendesha mashtaka, wajumbe wa juri waliomtia mtu hatiani. Mwendesha mashtaka akisaini kuomba faini ifutwe, hiyo sahihi moja ina uzito kuliko majirani 40. Maneno ya utii yanayotangulia hapo ni kama barua ya mwenyekiti wa mtaa unayokwenda nayo polisi kumdhamini mtu: hakuna mwenyekiti anayeandika "huyu simfahamu vizuri". Ni gharama ya kuingilia mlangoni. Usiihesabu kama ushahidi.

Majina uliyoyapata yapeleke kwenye sensa ya 1860, na pia kwenye jedwali lake la watumwa, ambalo lina jina la mmiliki na umri na jinsia ya watumwa, bila majina yao. Hapo ndipo unajua nani anaongea. Na ukitaka kupima uzito wa faini, kumbuka askari mzungu wa kawaida wa Muungano alilipwa dola 13 kwa mwezi hadi katikati ya 1864.

Mwanachuo_Malimbe
Mzee shikamoo, na Bi asante sana. Kwa hiyo anayejiita mtu wa Muungano halafu kwenye jedwali ana watumwa kumi, huyo nimweke upande wa Kusini?

Mzee_wa_Majalada
Marahaba. Hapana, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanateleza. Kentucky ilikuwa na watumwa 225,483 mwaka 1860 na ikabaki ndani ya Muungano. Tangazo la Lincoln la ukombozi wa watumwa la Januari 1, 1863 halikuigusa, kwa kuwa lilihusu sehemu zilizoasi tu. Mmiliki wa watumwa mtiifu kwa Muungano hakuwa mnafiki. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa wa jimbo lile, na wengi waliamini kwamba Muungano ndio utakaowalindia mali yao.

Bramlette ndiye mfano wako mzuri. Kanali wa Muungano, lakini uandikishaji wa watumwa jeshini ulipoanza mapema 1864 alipinga mpaka akaenda Washington kulalamika, akiwa na seneta wa zamani Archibald Dixon na mhariri wa gazeti Albert Hodges. Barua ya Lincoln kwa Hodges ya Aprili 4, 1864 ilitokana na mazungumzo hayo. Makamu wa Bramlette, Richard T. Jacob, naye alikuwa amepigana upande wa Muungano. Kwa kumpinga Lincoln alikamatwa na jeshi Novemba 1864 na kusukumwa hadi upande wa Kusini. Sasa huyo utamweka safu gani?

Safu mbili hazitoshi. Weka angalau tatu tofauti: msimamo juu ya Muungano, juu ya utumwa, na juu ya serikali ya Lincoln. Mtu mmoja anaweza kuwa ndiyo, ndiyo, hapana. Na usisahau kwamba utii ulikuwa na bei: sheria ya Februari 1864 iliahidi hadi dola 300 kwa mmiliki mtiifu ambaye mtumwa wake amejiunga na jeshi kwa hiari. Ukiona kiapo cha utii cha mwaka huo, uliza kwanza kilikuwa kinadai nini.

Joto_la_Ziwa
Wakuu mmewasahau watumwa wenyewe. Mtumwa hakuwa na nafasi katika mfumo huu. Mahakama za Kentucky hazikupokea ushahidi wa mtu mweusi dhidi ya mzungu mpaka 1872. Ukibaki na barua za magavana tu, utaandika utii wa wazungu na kuuita utii wa Kentucky.

Sauti zao zipo kwenye nyaraka za jeshi. Wanaume weusi 23,703 wa Kentucky walijiunga na jeshi la Muungano, wengi wakipitia kambi ya Camp Nelson. Soma maelezo ya kiapo ya askari mweusi Joseph Miller, ya Novemba 26, 1864. Aliandikishwa baada ya kuahidiwa kwamba mke na watoto watakaa kambini. Siku tatu kabla ya kiapo hicho, asubuhi ya baridi kali, mlinzi aliwaamuru wapande gari, akatishia kuwapiga risasi wasipopanda. Mtoto mmoja, wa miaka kama saba, alikuwa mgonjwa. Usiku Miller alitembea maili sita hadi Nicholasville akawakuta kwenye jengo la ibada, mtoto ameshakufa. Ilimbidi arudi kambini usiku uleule, na kesho yake akatembea tena kwenda kuchimba kaburi mwenyewe. Waliofukuzwa kambini walikuwa wanawake na watoto wapatao 400, na 102 kati yao walikufa. Machi 3, 1865 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwapa uhuru wake na watoto wa askari weusi.

Kwa hiyo kiapo kile nacho ni ombi, ila kimepelekwa kwenye meza nyingine. Kifanyie sura yake, usikichomeke kama aya ya huruma mwishoni.

Bi_Capripoint
Nakubaliana na Joto. Kuhusu kiasi, usijaribu kaunti zote, ni zaidi ya mia. Chukua tatu zisizofanana: McCracken iliko Paducah, kule magharibi ambako wengi walipenda Kusini, Fayette iliko Lexington, penye watumwa wengi, na moja ya milima ya mashariki, ngome ya Muungano. Barua 40 kila kaunti zinatosha kwa shahada ya kwanza.

Mzee_wa_Majalada
Arobaini za milimani hatazipata, Bi. Kaunti zile zilikuwa na watu wachache. Afadhali achukue zote zilizopo na aandike idadi wazi, kuliko kulazimisha usawa.

Bi_Capripoint
Sawa, hapo nimekubali. Basi safu za jedwali: gavana, tarehe ya kosa, tarehe ya barua, kaunti, kosa, adhabu, vyeo vya waliosaini, neno la utii lipo au halipo, uamuzi. Tarehe ya kosa na ya barua zisikae safu moja, maana kosa la 1861 lililoombewa msamaha 1864 linasimuliwa kwa lugha ya 1864. Ukimaliza tano za McCracken zipandishe hapa tuzitazame, na picha za mgongo ziwemo.