Programu inafanya kazi kwenye emuleta, lakini simu iliyounganishwa kwa USB haiifikii seva ya kompyuta

Swali

Habari za kazi, wakuu. Ninatengeneza programu ya Android kwa Kotlin, ambayo huchukua orodha ya bidhaa kutoka kwenye seva ninayoiendesha katika kompyuta yangu kwenye poti 8080. Katika emuleta (simu ya kuigizwa ndani ya kompyuta) yenye Android 8 ninatumia anwani http://10.0.2.2:8080, na orodha inakuja bila tatizo. Nilipounganisha simu yenye Android 13 kwa waya wa USB, Android Studio, ninayoandikia programu, iliitambua, programu ikasakinishwa na kufunguka, lakini orodha haiji. Inasubiri kwa muda kisha inatoa SocketTimeoutException. Nimebadilisha anwani kuwa localhost, na sasa inakataa papo hapo kwa ConnectException. Nimezima na kuwasha tena Utatuzi wa USB (mpangilio wa simu unaoiruhusu kompyuta kuijaribia programu) bila mafanikio. Je, kuna mpangilio wa simu nilioupita?

Jibu la 1

Ndugu, anza na waya, kwa kuwa nyaya nyingi za bei nafuu zinachaji tu na hazipitishi data. Kisha andika `adb devices` kwenye terminali (adb ni zana ya kompyuta ya kuwasiliana na vifaa vya Android). Ukiona neno unauthorized mbele ya namba ya simu yako, fungua kioo cha simu na uikubali kompyuta hiyo katika kidirisha kinachojitokeza.

Jibu la 2

Kwa heshima ya aliyetangulia, ushauri huo unamfaa mtu ambaye simu yake haionekani kabisa. Hapa programu imesakinishwa kupitia waya huohuo, kwa hiyo waya ni mzima na kompyuta imekwisha kubaliwa.

Hitilafu zako mbili zinatofautiana, na tofauti hiyo ndiyo jibu lenyewe. Anwani 10.0.2.2 ni ya emuleta peke yake, ambayo imeitenga iwe njia ya kuifikia kompyuta inayoiendesha. Kwenye simu halisi haina maana hiyo, ndiyo maana ombi lako linapotea hadi muda unakwisha. Nayo localhost, ikitamkwa ndani ya simu, ni simu yenyewe. Simu inajigongea mlango wake yenyewe kwenye poti 8080, haikuti seva yoyote, na inakukatalia mara moja. Kuchomeka waya wa USB kwa ajili ya utatuzi hakuiingizi simu katika mtandao wa kompyuta.

Acha anwani ya localhost kama ilivyo, kisha andika kwenye kompyuta:

`adb reverse tcp:8080 tcp:8080`

Amri hii, inayopatikana kuanzia Android 5.0, huchukua kila ombi linalofika kwenye poti 8080 ya simu na kulipeleka kwenye poti 8080 ya kompyuta kupitia waya. Haihitaji Wi-Fi wala bando, jambo ambalo kwa wengi wetu si dogo. Ukiwa umeiacha emuleta ikiendelea, adb italalamika kwamba kuna zaidi ya kifaa kimoja, na hapo utaongeza `-s` pamoja na namba ya simu iliyoonekana kwenye `adb devices`, kabla ya neno reverse.

Muulizaji

Nashukuru sana, mkuu. ConnectException imeondoka, lakini baada ya kupandisha targetSdk (toleo la Android ambalo programu inalilenga) kutoka 27 hadi 33, ninapata ujumbe mpya: CLEARTEXT communication to localhost not permitted by network security policy. Kinachonishangaza ni kwamba msimbo huohuo haulalamiki kwenye emuleta.

Jibu la 3

Emuleta yako ni ya Android 8. Kuanzia Android 9, programu inayolenga API 28 (namba ya toleo hilo la Android) au zaidi hairuhusiwi kutumia http isiyo na usimbaji fiche mpaka wewe mwenyewe uiruhusu, na simu yako inaifuata kanuni hiyo. Weka `android:usesCleartextTraffic="true"` kwenye lebo ya application, lakini tafadhali usiiweke katika faili kuu la AndroidManifest.xml. Tengeneza faili lingine la jina hilo ndani ya src/debug, ili ruhusa hiyo ibaki katika toleo la majaribio na isiwafikie watumiaji. Nimewahi kuona programu za watu zikitoka na mlango huo ukiwa wazi, kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuufunga.

Wako wanaopendelea kutumia anwani ya kompyuta kwenye Wi-Fi, mathalani inayoanza na 192.168. Njia hiyo inafaa, ila seva lazima isikilize kwenye 0.0.0.0 (yaani anwani zote za kompyuta) na ngome ya Windows (firewall) iiruhusu poti hiyo, na bado Wi-Fi za maofisi na hoteli mara nyingi huzuia vifaa visionane. Kwa simu iliyoko mezani, mimi hubaki na waya.

Muulizaji

Orodha imekuja. Nimegundua pia kwamba nikichomoa waya na kuurudisha, ConnectException inarejea.

Jibu la 2

Ndivyo ilivyo, kwa kuwa maelekezo ya adb reverse hufutika muunganisho unapokatika. Irudie amri kila unapochomeka, na ukiwa na shaka, `adb reverse --list` itakuonyesha kama bado ipo.