Nina hisabati, sijawahi kushika pipeti: nijipange vipi kwa uzamivu wa sayansi ya ubongo?

Mja_wa_Tudor
Salamu wanajamvi. Nina shahada ya kwanza ya hisabati, Python naiweza, niko Mombasa. Nataka kuomba uzamivu ng'ambo, ule unaochanganya majaribio ya neva na modeli za kompyuta. Maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba. Baiolojia niliiacha sekondari. Nianze na nini? Nitaitambuaje kozi inayochanganya kweli? Na maabara huku Pwani nitaipata wapi?

MzeeMilivolti
Karibu ndugu. Anza na milinganyo ya Hodgkin na Huxley ya 1952, inayoeleza jinsi neva ya ngisi inavyotoa mpigo wa umeme. Ni minne tu: mmoja wa volti, mitatu ya m, h na n, yaani milango ya kupitisha sodiamu na potasiamu kwenye utando wa neva. Usishushe programu ya mtu, iandike mwenyewe kwa NumPy. Kapasitansi mikrofaradi 1 kwa sentimita mraba; upitishaji, kwa milisiemensi kwa sentimita mraba: sodiamu 120, potasiamu 36, uvujaji 0.3. Ingiza mkondo wa mikroampea 10 kwa sentimita mraba, hatua ya muda milisekunde 0.01, na neva itapiga mfululizo.

Ukiipandisha hatua hadi 0.1 ili programu ikimbie, njia ya Euler (ile rahisi ya kusonga hatua kwa hatua) itayumba au italipuka kabisa, maana kileleni mwa mpigo volti hugeuka upesi kuliko hatua yako. Kingine ni kidogo lakini hula siku nzima: kwenye milivolti -40 fomula ya alfa ya m (kasi ya mlango kufunguka) huwa sifuri kugawanya sifuri, na ya n hufanya vivyo hivyo kwenye -55. Ukichora grafu kwa volti za nambari kamili utapata nan (alama ya "si nambari") usijue imetoka wapi. Weka vikomo kwa mkono: 1 kwa m, 0.1 kwa n.

Ngisi tunawala kila siku, ila yule wa kwenye milinganyo alipimwa katika baridi ya nyuzi 6.3. Kwa kila nyuzi 10 za joto zidisha kasi za milango kwa 3, la sivyo modeli yako haitafanana na tishu ya panya hata kidogo.

BintiPipeti
Mzee yuko sawa, lakini akiishia hapo atakuwa mtu wa hesabu anayependa picha za ubongo. Mja, ni lazima ujue data inavyozaliwa.

Kipande cha ubongo cha mikromita 300 hulazwa kwenye maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni 95% na kaboni dayoksaidi 5%. Pipeti ya kioo yenye ukinzani wa megaohmu 3 hadi 6 husogezwa huku ikipulizwa kidogo ili ncha isizibe. Ikigusa seli, utando hubonyea kama shavu lililoguswa kwa kidole. Hapo unaacha kupuliza, unafyonza taratibu, unaishikilia kwenye milivolti -70. Ukinzani ukivuka gigaohmu 1, umenasa. Fyonzo moja fupi, utando unapasuka, uko ndani.

Hapo ndipo mwanahisabati hudanganyika. Kati ya pipeti na seli kuna ukinzani wa mfululizo, tuseme megaohmu 20. Mkondo wa nanoampea 1 ukiingia, zidisha: ni milivolti 20. Unadhani seli iko -70 kumbe iko -50, na faili halikwambii kitu. Aliyepewa faili tu atavuta vigezo vya sodiamu huku na huku mpaka viafikiane na kosa la pipeti, kisha aite ugunduzi.

Kwa hiyo kozi ipime hivi: je, mwaka wa kwanza mwanafunzi hulazimika kupita maabara ya majaribio na kundi la nadharia pia? Je, wasimamizi ni wawili, na wote wawili hutia saini? Waandikie wanafunzi waliopo uwaulize ilichukua miezi mingapi kupata seli ya kwanza inayofaa. London kuna vituo viwili vya utafiti wa ubongo, Gatsby ya nadharia na Sainsbury Wellcome ya majaribio, jengo moja. Ukaribu wa namna hiyo una maana kuliko maneno ya tovuti. Na Uingereza humgusi mnyama wa maabara kabla ya leseni yako binafsi, basi hesabu muda huo pia.

FundiTransista
Maabara Pwani? Mende wapo! Mtie mmoja kwenye maji ya barafu mpaka alegee, kata mguu wa nyuma, choma pini mbili. Amplifaya ya INA128, ukuzaji jumla mara 1,000, chujio la hetsi 300 hadi 3,000, betri ya volti 9. Gusa vinyweleo vya mguu kwa kijiti cha meno, mipigo utaisikia kwenye spika.

Adui ni mvumo wa hetsi 50 wa stima. Chomoa chaja ya laptopu, fupisha waya, funika kila kitu kwa karatasi ya aluminiamu iliyofungwa kwenye ardhi ya saketi. Feni izime pia, vumilia jasho. Rekodi sampuli 10,000 kwa sekunde au zaidi.

Kutenga mipigo usitumie mchepuko sanifu, kwa sababu mipigo yenyewe huuvimbisha. Chukua mediani ya thamani kamili za rekodi (ondoa alama ya kutoa kwanza), gawanya kwa 0.6745, zidisha kwa 4. Hicho ndicho kizingiti.

Mja_wa_Tudor
Ahsanteni sana! Nimeona kuna data za bure za Neuropixels, zile sindano zinazorekodi neva nyingi kwa pamoja. Nishushe?

MzeeMilivolti
Ghafi usithubutu. Chaneli 384 mara sampuli 30,000 mara baiti 2 ni megabaiti 23 kwa sekunde, karibu gigabaiti 83 kwa saa moja. Bando litaisha kabla hujaona mpigo. Kwenye hifadhi ya DANDI tafuta faili za NWB (muundo wa kuhifadhia data za neva) zilizokwisha kuchambuliwa, zenye nyakati za mipigo tu. Kitu cha kwanza chora mwachano wa muda kati ya mpigo na mpigo: ukiona mingi iko chini ya milisekunde 2, hiyo si neva moja, ni mbili zilizochanganywa.

BintiPipeti
Mafunzo ya Neuromatch yako wazi mtandaoni, ni Python tupu. Imbizo ya Cape Town ni kambi nzuri ya modeli. Kilifi, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome wamechunguza kifafa miaka mingi. Ukienda, nenda na swali la EEG (upimaji wa umeme wa ubongo kichwani) uliloliandika, si wasifu mtupu. Ada za maombi vyuo vingi huzisamehe, ila uombe kabla ya kutuma fomu.

Mja_wa_Tudor
Sawa dada. Fundi, pini za aina gani?

FundiTransista
Za kushonea zatosha. Zikianza kutu, tupa.