Ukoo wa Mzee Eliamani: Sendofu ya Neema

[07:12] Manka: Shikamooni wakubwa. Kadi hiyo hapo juu. Mchapaji wa karibu na Mnara wa Saa anataka jibu kabla ya saa nne. Kadi 300. Someni sasa hivi.

[07:40] Manka: Mmeona watu 19, kimya!

[07:43] Frank: Rangi nzuri 😍

[07:43] Manka: Frank, maneno!

[08:05] Shemeji Ombeni: Manka, simamisha. Umeandika "the family of the late Mr and Mrs Eliamani". Hiyo "late" inawafunika wote wawili. Umemzika mama.

[08:06] Manka: Mungu wangu, nilimaanisha baba tu 😭

[08:08] Shemeji Ombeni: Tenganisha: "Mrs Eliamani and the late Mr Eliamani". Aliye hai atangulie.

[08:10] Frank: Mimi kazini ni late kila siku na mtori nakunywa 😂

[08:13] Shemeji Ombeni: Inategemea inapokaa. "Frank is late", umechelewa. "The late Frank", tunachanga rambirambi. Huku kwetu mtu husema "my father is late" tukaelewana, ila Mwingereza atakuuliza amekwama foleni gani.

[08:14] Aika: Foleni ya Kiborloni 🤣🤣

[09:02] Manka: Jamani saa tatu!!

[09:20] Baba Mdogo: Baba yetu mzazi mbona hayumo? Naye awekwe "the late". Mlianza hivi hivi kuniruka kwenye wasifu wa kaka.

[09:21] Manka: Baba Mdogo, ile tuliomba radhi.

[09:22] Baba Mdogo: Kwa simu.

[09:27] Shemeji Ombeni: Shikamoo Baba Mdogo. "Late" ni ya waliofariki si zamani sana. Mwalimu Nyerere, 1999, bado utaisikia. Shakespeare, 1616, hakuna amwitaye hivyo. Babu atajwe kwa jina, inatosha.

[09:28] Baba Mdogo: Mimi bado namkumbuka.

[09:51] Mama: Nimesomewa na mjukuu. Mimi nipo, asubuhi hii nimekata majani ya ng'ombe mwenyewe. Baba yenu mwandikeni marehemu. Babu yenu naye marehemu. Kiswahili hakimhesabii mtu miaka. Hicho Kizungu kiondoeni.

[09:52] Aika: Sawa mama 🙏

[09:52] Frank: Ndiyo mama

[09:55] Manka: Mama, wakwe wengine wanatoka Kampala, Kiswahili hawasomi.

[10:06] Manka: Mchapaji anapiga. 300 zote Kiswahili, au 250 na 50?

[10:19] Manka: ???

[10:31] Baba Mdogo: Jioni nitapita kwa shemeji, mama yenu, tuongee.

[10:32] Manka: Jioni mchapaji amefunga, Baba Mdogo!

[10:40] Frank: Rangi ibaki ile ile